Penalti imeshawekwa kwenye nukta, yule jamaa ANABADILISHA CHANELI. Soka na Marekani basi tena!

Mzaramo_wa_Columbus (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya baa yetu ya palepale, hapa Columbus, Ohio. Injini sijawasha, maana nikiendesha na hasira hizi nitaishia mikononi mwa polisi.

Mnamjua. Mhudumu wa baa ile, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye rimoti kiunoni, ambaye kila akipita kukusanya sahani anakuuliza "bado hawajafungana tu?" Huyo huyo.

Leo Jumamosi, mechi ya timu yangu ya Uingereza saa nne asubuhi kwa saa za huku. Nimefika mapema. Nimeagiza mabawa ya kuku asubuhi yote ile, nimeagiza tena, nimeacha bakshishi ya maana, yote hayo nipate haki ya skrini moja. MOJA. Na ukuta ule una skrini kuliko Kariakoo nzima. Sifuri-sifuri mpaka dakika tisini. Wenye mpira wao wanajua sifuri-sifuri ya namna ile inavyomla mtu: mwamba umegongwa mara mbili, kipa wao leo kaamka na mikono minane. Dakika za nyongeza. Mpira unamgonga beki mkononi ndani ya boksi. Refa anaitwa VAR, akatazame marudio ya video. Anakwenda, anatazama, anatazama tena, anarudi anachora lile boksi hewani, anaonyesha kidole. PENALTI. Dakika ya tisini na saba. Mpigaji kauweka mpira. Karudi nyuma hatua tatu. Kavuta pumzi.

Chaneli ikabadilika.

Wakuu nasema KAVUTA PUMZI, chaneli ikabadilika.

Ingekuwa mechi ya Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa ya mpira wao wa Kimarekani, imeanza ningenung'unika nikanyamaza. Najua naishi mji gani. Uwanja wao unameza watu zaidi ya laki moja, na siku ya mechi hata mazishi yanasogezwa mbele. Lakini mechi yao ilikuwa haijaanza! Imekuja BENDI. Bendi ya matarumbeta inatembea nyasini ikiandika neno Ohio kwa miguu, na baa nzima imesimama kumsubiri yule mwenye tarumbeta kubwa aende kuweka nukta juu ya herufi i. Mpira wangu uko kwenye nukta, wao wanashangilia nukta ya i!

Nikamwambia kaka, sekunde thelathini tu, penalti inapigwa. Akanijibu bila hata kugeuka: "Tangu asubuhi hakuna aliyefunga, watafunga sasa?" NDIYO! Ndiyo maana ya penalti hiyo!

Na ndivyo walivyo hawa. 1994 wakaletewa Kombe la Dunia mpaka mlangoni, watu zaidi ya milioni tatu na nusu wakajaa viwanjani, fainali pale Pasadena ikaenda sifuri-sifuri dakika 120, Brazil na Italia wakamalizana kwa penalti. Naapa yule jamaa angeshika rimoti siku ile, Baggio wa Italia anakimbilia mpira, yeye anaweka bendi. Walipoanzisha ligi yao 1996 sare ikawashinda kuvumilia, wakaamua mchezaji aanzie yadi 35 amkimbilie kipa ndani ya sekunde tano, na saa ya uwanjani ikahesabu kurudi nyuma. Wakaja kuyaacha hayo baada ya msimu wa 1999. Mtu anayeogopa sare namna hiyo utamkalisha vipi dakika tisini?

Matokeo nimeyajua kwa simu. Kwa SIMU, nimekaa mbele ya skrini ishirini. Na siyasemi hapa.

Tuliza_Boli

Mkuu pole. Sasa la msingi: kafunga au kakosa?

Mama_Junior_Ohio

Pole kaka yangu. Namjua huyo. Mimi alinizimia sauti fainali nzima ili watu wasikie bahati nasibu ya mabawa.

Dar_mpaka_Dallas

Mkuu, unagombana na mwenye rimoti, mwenye rimoti mkubwa ni televisheni. Dakika 45 mpira unatembea, tangazo la bia utalichomeka wapi? Super Bowl ya 2024, fainali ya ule mpira wao wa Kimarekani, sekunde thelathini za tangazo ziliuzwa kama dola milioni 7. Nani ataacha hela hiyo akakuonyeshe kipa anafunga kamba za viatu? Mwaka 1967 walijaribu kuonyesha ligi ya soka hapahapa Marekani, refa akaja kukiri kwamba kwenye mechi moja faulo 11 kati ya 21 alizipuliza ili televisheni ipate nafasi ya matangazo. Refa anapuliza kwa ajili ya sabuni! Halafu huo mpira wao wa Kimarekani, wa kushika mkononi na kukumbatiana, wanaotuambia una msisimko, gazeti la Wall Street Journal lilishika saa 2010, likakuta ndani ya saa tatu mpira unachezwa dakika 11 hivi. Kwingine kote ni kukumbatiana, kusimama na matangazo.

Mzaramo_wa_Columbus

Mkuu Dallas mimi sizungumzii matangazo, nazungumzia PENALTI. Lingekuja tangazo la bia ningekunywa. Imekuja bendi.

Mkamba_Minnesota

Buda, wacha kelele. Uko Columbus, mji wa timu ya soka ya Crew, mji uliojenga uwanja wa kwanza wa soka tupu kwa timu ya MLS, ligi kuu ya huku, 1999. Mwenye timu alipotaka kuihamishia Austin, Texas, 2017, watu wa mji huo huo unaowatusi waliingia barabarani wakaizuia isitoke. Wakachukua ubingwa 2020, wakarudia 2023. Sasa wewe umekaa baa asubuhi unalilia timu ya Uingereza, halafu unasema Wamarekani hawapendi soka? Crew umeenda mara ngapi?

Mzaramo_wa_Columbus

Crew hawakunibadilishia chaneli. Usilete Crew hapa.

Mkamba_Minnesota

Hajaenda huyu 😂😂

Fundi_Saa

Timu yenyewe ni wale wa kaskazini mwa London? Kama ni wao, huyo jamaa kakuokoa na presha. Mpelekee zawadi.

Tuliza_Boli

Narudia. Kafunga au kakosa?

Mzee_wa_Newark

Vijana mnaandika hata shikamoo hamna. Nchi hii nimefika wengi wenu hamjazaliwa. Hili la kusema soka na Marekani basi tena, kana kwamba Mmarekani hawezi kujaza uwanja, ni uongo. Pelé alisaini Cosmos ya New York 1975. Agosti 1977 pale Giants Stadium waliingia watu 77,691, mwenye takwimu abishe. Beckenbauer wa Ujerumani yupo, Pelé yupo, waigizaji wa filamu wanagombea viti. Ulipoisha msimu wa 1984 ligi nzima ile ya zamani ikafa. Walinunua wazee wenye majina, wakasahau kuotesha watoto. Huyo wa rimoti nusu karne iliyopita angekuwa anaiweka Cosmos mwenyewe, na baada ya miaka saba angeiondoa mwenyewe. Huku mtu anapenda kinachoshinda mwaka huo.

Mzaramo_wa_Columbus

Shikamoo mzee wangu. Nakubali yote. Lakini mzee, mpigaji alikuwa keshavuta pumzi.

Dada_wa_Maryland

Mnazungumza kana kwamba huku soka ni ya wanaume peke yao. Mwaka 1999 fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Rose Bowl, uwanja uleule wa Pasadena, watu 90,185, Marekani na China sifuri-sifuri mpaka penalti, na hakuna aliyebadilisha chaneli! Kombe la Dunia wanalo mara nne: 1991, 1999, 2015, 2019. Wanaume wao Oktoba 2017 walihitaji sare tu kwa Trinidad na Tobago wakafungwa 2-1, Kombe la 2018 wakalitazama kwa televisheni. Mmarekani hapendi kushindwa, basi. Kwenye besiboli na ule mpira wa kukumbatiana anajiita bingwa wa dunia bila kutoka nyumbani. Kwenye soka ya wanaume akitoka nje anakutana na Ubelgiji. Sasa akapende nini hapo?

Kibanda_Umiza_Mbagala

Wakuu wa majuu mnadeka sana. Huku Mbagala mechi hiyo ni saa kumi na moja jioni, umelipa kiingilio, umebanwa mbavu kwenye benchi, mwenye kibanda anaangalia waliopo, anaona mashabiki wa mechi ya pili wamezidi, anahamisha. Penalti au si penalti. Ukipiga kelele anakurudishia hela yako na kukutoa nje. Wale wa umeme sitaki hata kuwaanza, dakika ya 89 ndiyo dakika yao. Kwa hiyo usituambie ni ugonjwa wa Marekani.

Mzaramo_wa_Columbus

Mkuu wa Mbagala, wewe alikuhamishia kwenye MPIRA. Ungekuja na uchungu wako, ukute mpira mwingine unachezwa, uanze kushabikia hata usiowajua. Mimi nimehamishiwa kwenye mtu anatembea na tarumbeta. Anatembea! Nimetoka kwenye penalti nimekuja kutazama matembezi!

Fundi_Saa

Matembezi ya hisani 😂

Mama_Junior_Ohio

Sasa ngojeni niseme la kwangu maana hasira zimenipanda na mimi. Mnauliza kwa nini soka haishiki huku, mmeshawahi kumwandikisha mtoto klabu? Junior ana miaka tisa. Ada ya msimu zaidi ya dola elfu mbili. Jezi mbali. Mashindano Indiana, hoteli mbali, na hoteli wanakuchagulia wao, ukilala kwa shangazi yako mtoto hachezi. Kwetu soka ndiyo mchezo wa mtoto asiye na kitu, unafunga makaratasi na kamba umemaliza. Huku mtoto asiye na kitu anakwenda kwenye mpira wa kikapu, maana goli liko pale mtaani bure na kocha wa shule hamdai mama yake hata senti. Kisha wanashangaa timu yao ya taifa haina watoto wa mitaani wenye chenga.

Dar_mpaka_Dallas

Mama Junior hapo umegonga. Mimi wawili. Nimeuza gari dogo.

Mkamba_Minnesota

Na yule meneja wa timu ya watoto anayetuma ujumbe saa tano usiku kwamba kesho kila mzazi alete maji na machungwa? Wa kwenu yupo?

Mama_Junior_Ohio

YUPO. Na machungwa yakatwe vipande vinne, ukikata viwili unarudishiwa.

Tuliza_Boli

Watu wanakata machungwa hapa, mimi sijajua kama penalti ilifungwa.

Chenga_za_Houston

Na malipo ya kutazama je? Messi katua Miami Julai 2023, mechi ya kwanza tu kapiga frikiki dakika ya 94 wakawafunga Cruz Azul ya Mexico 2-1. Nikasema sasa ndiyo basi, nchi nzima itahamia. Nenda katafute mechi zao za ligi: ulipie huduma ya Apple ya mtandaoni. Asubuhi za Jumamosi Premier League chaneli hii, ya pili huko, ya tatu hulipii huoni. Mchezo unaoutafutia wateja unaufungia ndani ya chumba na mlangoni unaweka mtu wa kukata tiketi! Mtoto wa Kimarekani akiwasha televisheni ya bure Jumapili anakutana na mpira wa kukumbatiana kuanzia Septemba mpaka Februari, Machi anakutana na vikapu vya vyuo, kiangazi chote besiboli. Soka ataikutia wapi?

Dada_wa_Maryland

Na tiketi za Kombe la Dunia 2026 mmeziangalia bei? Na maegesho yanalipiwa peke yake! Nimefunga kompyuta nikaenda kulala.

Lushois_Iowa

Bandugu, mimi ni wa Lubumbashi, niko Iowa. Sisi baa tuliacha zamani. Kila siku ya Mungu (Jumapili) tunacheza kwa uwanja wa shule, Wakongo, Warundi, Wasudani, Wamexico, mpaka Wamarekani wawili wanakuja na wanacheza muzuri. Watoto wanacheza bure kisha ya ibada. Shida yetu ni moja: shule imeweka kufuli, wanasema majani ni ya besiboli. Besiboli haina hata mutu!

Dar_mpaka_Dallas

Hata sisi Dallas kufuli. Wakati mpira wa kukumbatiana una uwanja wa shule ya sekondari unaozidi wa timu zetu nyingi za ligi kuu kule nyumbani.

Mzaramo_wa_Columbus

Wakuu uzi huu ni wa chaneli. Tusipoteze mada. Mpigaji alirudi nyuma hatua tatu, akavuta pumzi...

Mama_Junior_Ohio

Ndugu wa Iowa, hiyo ya watoto bure, hapa Columbus hakuna mtu wa kuianzisha? Mimi nitaleta machungwa hata yakiwa mazima.

Mkamba_Minnesota

Kuna mmoja hapo Columbus ana Jumamosi zake wazi kuanzia leo, maana baa hawezi kurudi 😂

Lushois_Iowa

Mama, anza na watoto sita tu na mipira miwili. Viatu tuko navyo vingi, watoto wanakua vinabaki. Junior anavaa ngapi?

Mama_Junior_Ohio

Tatu za Kimarekani. Lakini kama mna nne tumeni, nitamvalisha soksi mbili.