Ramani ya kipunji imekolea nyekundu hadi Uluguru, niiamini?

Mwanafunzi_Moro
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kipunji, yule kima adimu wa misitu ya milimani. Nimekusanya pointi za mahali alikoonekana, nikaweka data za mvua, joto na mwinuko, nikaendesha Maxent, programu inayokadiria mahali panapomfaa mnyama, kwa Tanzania nzima. AUC, alama ya ubora wa modeli ambayo mwisho wake ni 1, imetoka 0.98. Ramani imekolea nyekundu, yaani panamfaa, kwenye milima ya Rungwe na Livingstone, sawa, lakini na Uluguru pia, na Udzungwa karibu yote. Naweza kuandika kwamba huko ni makazi yake na kupendekeza doria zipelekwe?

Kata_Transekti
Marahaba mdogo wangu. Usiandike hivyo, nakuomba.

Maxent haijui mnyama hayupo wapi. Inachofanya ni kulinganisha pointi zako na pointi za nasibu inazookota ndani ya eneo ulilolipa. Umeipa nchi nzima, kwa hiyo inalinganisha msitu wa ukungu wa Rungwe na Dodoma, Tabora na Mafia. Hapo lazima AUC ipande! Punguza eneo, ibaki misitu ya milimani peke yake, kisha uone hiyo 0.98 itabaki ngapi.

La pili ndilo linaloniumiza roho zaidi. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu kipunji 1,117, na eneo walimokuwa halikufika kilomita za mraba 18. Pikseli, yaani kila mraba mdogo wa ramani ya data za hali ya hewa unazopakua, ina upana wa kilomita moja hivi. Maana yake hata ukiwa na pointi mia mbili, zimesongamana kwenye pikseli chache mno. Bakiza pointi moja kwa kila pikseli. Na usizigawe kwa bahati nasibu kati ya mafunzo na majaribio, maana kundi lile lile la kipunji litajikuta pande zote mbili. Funza modeli kwa Rungwe na Livingstone, ijaribu Ndundulu, msitu wa Udzungwa anakoishi kipunji. Pointi za Ndundulu ni chache, najua, lakini huo ndio mtihani wenyewe: Rungwe kipunji anakaa kuanzia mita 1,750 hadi 2,450, Ndundulu yuko chini zaidi, kati ya 1,300 na 1,750. Modeli iliyokariri mwinuko itaumbuka hapo.

Kuhusu Uluguru: rangi nyekundu inasema hali ya hewa inafanana, basi. Haijui kama kipunji aliwahi kufika huko. Haijui mitego, wala msitu uliokatwa mpaka uiwekee tabaka (ramani ya ziada) la misitu ya sasa kutoka picha za setilaiti. Tuna askari wachache, na gari la doria likipelekwa Uluguru kumtafuta asiyekuwepo, kuna mahali limeondolewa.

Mwana_wa_Isongole
Mimi si mwanasayansi, nimezaliwa chini ya mlima Rungwe. Wawindaji wa kwetu walimfahamu kipunji kabla watafiti hawajamwona 2003. Anashuka kula mahindi, na mwenye shamba anatega. Hilo limo kwenye kompyuta?

Kata_Transekti
Halimo, kaka, na ndilo linalomuua. Mwanafunzi, weka umbali kutoka mashambani kama tabaka mojawapo. Na kabla ya kuomba fedha za kamera, kaa na wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu. Waulize juu ya yule mwenye nywele zilizosimama utosini na mkia mweupe nchani, na mlio wake, unaofanana na honi iliyochanganyika na kubweka. Aliyewahi kuusikia hawezi kuusahau.

Mwanafunzi_Moro
Asante sana mkuu. Sasa kama siwezi kusema yuko Uluguru, tasnifu itakuwa na faida gani kwa uhifadhi?

Kata_Transekti
Kubwa tu. Angalia Bujingijila, ule ukanda mwembamba kati ya Rungwe na Livingstone. Msitu wake umeharibika vibaya, na ukikatika kabisa kipunji wa Rungwe watabaki kisiwani. Kusanya data za kina za hapo, mteremko, unyevu, miti iliyobaki, na modeli yako ionyeshe ni vipande vipi vikipandwa miti ya asili kwanza vitaunganisha pande mbili mapema. Ramani ya namna hiyo ofisa wa misitu anaweza kuishika mkononi na kwenda nayo. Ila nakala utakayoiweka hadharani isiwe na pointi halisi za makundi, maana wenye mitego nao wana simu.