Jinja au Gulu kwa shule ya masaji ya hisani? Ijumaa natakiwa kujibu

mpwa_wa_Bugembe
Habari zenu wakubwa. Dada yangu anafanya kazi ya masaji Leeds, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Anataka tufungue shirika la hisani la kufundisha vijana kazi hiyo bure. Nimepata sehemu mbili hapa Uganda. Jinja nyumba ya vyumba vitatu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Gulu ni ukumbi wa kanisa, nusu ya bei. Mngechukua ipi?

fundi_Katwe
Jinja, hata usifikirie. Watalii wanatoka kwenye raft, zile boti za mpira za Mto Nile, mabega yamekufa ganzi, wanalipa bila kuuliza. Na msiagize vile vitanda vya kukunja kutoka nje, bawaba zikivunjika utazipata wapi? Nipe vipimo nikuchongee, na tundu la uso nakata. Mwambie dada asimame, mikono ianguke, akunje ngumi: kitanda kiishie hapo kwenye ngumi.

HajatiBombo
Mwanangu, umetaja nyumba tu. Wanafunzi ni nani? Wangapi? Kozi ya muda gani? Kodi ya mwaka wa pili mnayo, au dada akipanda ndege ndiyo mwisho? Nyumba ni jambo la mwisho.

karani_wa_wilaya
Na usajili umenyamazia. CBO, yaani kikundi cha kijamii, unaandikisha huko huko chini, lakini inabaki eneo lake. Ukitaka NGO, yaani shirika lisilo la serikali, anza URSB, ofisi ya usajili ya taifa, kisha uombe kibali; ile ofisi ya NGO tangu 2024 imeingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya 2016 inataka pia idhini ya kamati ya wilaya na mkataba na serikali ya mtaa kabla hujaanza kazi. Ukilipa kodi ya miezi sita leo, minne inaweza kwenda kwenye mafaili.

fundi_Katwe
Karani, wewe unataka watu waanze lini, 2040?

Akello_Lira
Mimi nilisoma kozi kama hiyo, wacha niseme. Wiki sita, mwalimu mgeni mwenye roho nzuri kabisa. Alitufundisha kupapasa, kukanda, kugonga kwa ubavu wa kiganja. Akatupiga picha, akatupa vyeti vyenye utepe wa dhahabu, akaondoka. Nikapeleka changu hotelini. Meneja akakigeuza nyuma kutafuta muhuri, akanirudishia.

Nikaanza kuchulia watu nyumbani. Siku moja akaja mama ametoka Kampala kwa basi, shavu la mguu wa kushoto limevimba, la kulia halina kitu. Ukiligusa lina moto. Mimi nikaona ni uchovu wa safari, nikatia mafuta mkononi. Shangazi yangu, ambaye hata darasa la nne hakumaliza, alikuwa anapita na beseni la mihogo. Akasema, "Acha huo mguu. Uchovu hauchagui upande." Hospitali wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Ningelisugua, lile donge lingeweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Wiki sita nzima, na hakuna siku hata moja tuliyofundishwa nani HACHULIWI.

Kwa hiyo Jinja, Gulu, kwangu ni sawa tu. Nionyeshe mnachofundisha.

HajatiBombo
Pole mama. Huyo shangazi ndiye angepewa kile cheti.

karani_wa_wilaya
Kuhusu muhuri, nendeni UVTAB, bodi ya serikali ya kupima ufundi iliyorithi kazi hiyo kwa DIT, idara ya mafunzo ya viwandani. DIT walikuwa na Worker's PAS, cheti cha ujuzi wa kazi, mtu alipimwa kwa kazi ya mikono yake, si kwa insha. Ila waulizeni kwanza kama kuchua kuna mtihani wake.

pwani_Kla
Samahani, mnasema "masaji, masaji" ndiyo maana watu wanafikiria vyumba vya taa nyekundu. Kwetu Mombasa bibi anakanda mzazi siku arobaini na hakuna anayeguna. Andikeni "kukanda" kwenye kibao.

fundi_Katwe
Kukanda si unga? Kibao hicho Gulu watakuja na sufuria wakidhani ni chapati.

pwani_Kla
Ndiyo shida ya Kiswahili cha kambi za jeshi.

HajatiBombo
Kambi ndiyo iliyokitunza hapa Uganda, ssebo. Tusifike huko. Mpwa, umepotea?

mpwa_wa_Bugembe
Nipo, nilikuwa kazini. Wanafunzi kumi, miezi minne. Nilisahau kusema, sita kati yao ni vijana wasioona. Dada ndiyo nia yake hasa.

HajatiBombo
UNASAHAU hilo?

mwalimu_mstaafu
Basi swali limebadilika lote. Japani kazi hii, anma, ilikuwa ya wasioona tangu zamani. Sugiyama Waichi, kipofu mwenyewe, alifungua shule za kuwafundisha wenzake katika karne ya 17. Kambodia nako wako. Lakini kijana asiyeona anahitaji nyumba asiyolazimika kuifikia kwa boda kila asubuhi. Kuna pa kulala? Ngazi ngapi? Chupa za mafuta zitatambuliwaje, kwa umbo au kwa kamba shingoni?

Akello_Lira
Kwa hilo naegemea Gulu. Na mafuta msinunue ya dukani. Moo yaa, mafuta ya shea ya kwetu, ni laini, haigandi ngumu kama shea ya Afrika Magharibi, inateleza yenyewe mkononi. Naijua jerikeni ya bei nzuri.

fundi_Katwe
Gulu mafuta, Jinja wateja. Sijabadilisha.

mpwa_wa_Bugembe
Kanisa wanasema Jumatano na Jumapili ukumbi ni wa kwaya. Ngazi ni nne, nimerudi kuhesabu. Wa Jinja amepiga mara mbili leo, sijapokea. Dada anauliza kama tunaweza kuanzia sebuleni kwa mama.

karani_wa_wilaya
Sebule ya mama iko wilaya gani?

fundi_Katwe
Akello, hiyo jerikeni ni lita ngapi?