Kwenda Old Moshi kutafuta ukoo wa babu: nianzie wapi?

Manka, Köln:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za baridi. Babu mzaa baba alitoka Old Moshi akiwa kijana, akapata kazi ya reli Tanga na akazikwa hukohuko. Baba alizaliwa Tanga, nami pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi mlimani Kilimanjaro. Nina jina la ukoo, najua ni upande wa Kidia, na nina picha moja iliyofifia. Nataka kwenda Desemba na watoto. Nianzie ofisi ya kijiji, kanisani, au Nyaraka za Taifa pale Dar? Na sasa nina pasipoti ya Kijerumani, itanisumbua?

Baba Junior, Bremen:

Pasipoti si tatizo. Viza unaomba mtandaoni, dola 50, ila usingoje wiki ya mwisho. Nyaraka za Taifa mimi ningeziacha kwanza. Wageni wanatakiwa kuwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na majalada ya enzi ya Mjerumani ni ya serikali: kodi, mashamba, barua za maofisa. Mtu wa kawaida aliyelima kahawa yake na migomba yake utamtafuta humo mpaka macho yaume.

Mama Eli, Leipzig:

Marahaba Manka mwanangu. Kabla ya kanisa na kabla ya ofisi yoyote, kuna jambo la kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Mtu akitokea Ulaya, hajawahi kuonekana, anaanza kuuliza babu yake alikuwa mtoto wa ngapi na aliishi upande gani wa mfereji, watu hawasikii habari za historia. Wanasikia mtu aliyekuja kudai ardhi. Vihamba vyenyewe vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande, na pengine sehemu ya babu yako analima mtoto wa ndugu yake tangu zamani. Utakaribishwa vizuri sana, utakula, utakunywa mbege, na hutaambiwa kitu.

Kwa hiyo tanguliza mtu. Ujumbe umfikie mkubwa wa ukoo kabla hujakata tiketi, kwamba yuko mtoto wa fulani anakuja kusalimia na kujua majina ya wazee wake. Ukifika, rudia maneno hayohayo mbele ya watu wazima wa ukoo: sikuja kwa ajili ya shamba. Bahasha usizigawe mmojammoja, utaleta ugomvi utakaobaki baada yako. Changia nyama na mbege ya wote, na kwa wazee wa kike peleka sukari na kanga.

Halafu usikae na wanaume peke yao. Wao watakupa mstari wa baba, safi kabisa, fulani akamzaa fulani. Nenda jikoni kwa bibi walioolewa hapo na mashangazi waliorudi kusalimia. Hao ndio wanaojua mke wa pili alitoka wapi, nani alifukuzwa, na kwa nini babu yako aliamua kuteremka Tanga. Simu ya kurekodi iache mfukoni siku ya kwanza. Omba pia uonyeshwe makaburi, maana kwetu watu huzikwa kihambani, na kwenye misalaba ya saruji utakuta majina na miaka ambayo hakuna anayeikumbuka kwa kichwa.

Desemba ni nzuri kwa sababu Wachaga wote wako nyumbani. Kwa vitabu vya ubatizo ni mbaya: mchungaji ana ibada, harusi na vipaimara, hana nafasi ya kukufungulia kabati. Fika mwanzoni mwa mwezi au ubaki hadi Januari.

Mzee wa Halle:

Manka, usipande ndege kabla hujapanda treni. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, baadaye wakaingia Old Moshi, na nyaraka za misheni hiyo sasa zimehifadhiwa huku Halle, kwenye Franckesche Stiftungen. Andika barua pepe kwanza, taja kituo na miaka unayoitaka. Jiandae na Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Mimi nilisaidiwa na mama mmoja mstaafu wa usharika wetu, akiusoma kama gazeti.

Picha za misheni nyingi zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, angalia bure. Ila uwe na moyo: mara nyingi Mzungu ameandikwa jina lake, na aliyesimama pembeni ameandikwa “mwanafunzi”.

Kaka Deo, Hamburg:

Mbona hamtaji DNA? Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin walilinganisha mafuvu yaliyochukuliwa enzi ya Mjerumani na watu walio hai Kilimanjaro wakapata ndugu, fuvu moja likiwa la akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi. Manka ateme mate kwenye kichupa, mambo yaishe.

Mama Eli, Leipzig:

Deo, zile familia zilikuwa zinajua zinamtafuta nani. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka na miaka kichwa chake, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani. Vipimo vilikuja kuthibitisha habari ambayo wazee waliitunza. Kichupa cha kununua mtandaoni kinakulinganisha na waliotuma mate yao tu. Baba zake wadogo Manka kule Kidia wametuma lini?

Manka, Köln:

Asanteni sana wote. Halle nimeshawaandikia. Mama Eli, shida yangu ni kwamba mtu wa kumtanguliza sina.

Mama Eli, Leipzig:

Wifi yangu ameolewa upande huohuo. Nitumie jina la babu na la ukoo kwangu binafsi, si hapa kundini, nitampigia Jumapili baada ya ibada. Na watoto wabebee viatu vya matope.