Mjadala: Kususa na kugoma kulimshinda mbaguzi, au ni mtutu ndo ulimtisha?

Mleta mada (Iringa):
Kamwene wadau. Kuna jamaa hapa kijiweni ameshikilia kwamba Martin Luther King, yule mchungaji aliyeongoza weusi wa Marekani kudai haki bila kupigana, alikuwa muoga mwenye bahati na kwamba mtu mweusi hajawahi kupewa haki bila bunduki. Mimi nabisha, tena sana. Watu wanadhani kutopigana ni kugeuza shavu ukasubiri mzungu akuonee huruma, wakati pale Montgomery, jimbo la Alabama Marekani, hakuna aliyeonewa huruma. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kugoma kumpisha mzungu siti, weusi wakasusa mabasi siku 381, na wao ndo walikuwa karibu robo tatu ya abiria, wakawa wanatembea kwa miguu, wengine wanapeana lifti, kampuni inahesabu hasara. Hebu fikiria daladala za Mwanjelwa kwenda Uyole zikose abiria mwaka mzima, tajiri si atakuja mwenyewe kituoni kupiga magoti! Hoja yangu ni kwamba mgomo unafanya kazi pale ambapo mbaguzi anakutegemea kwa kitu, nauli yako au jasho lako. Karibuni tubishane ila bila matusi.

Mdau wa Mbeya:
Mkuu umeruka kitu, ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery uliondolewa na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1956. Wenzetu walikuwa na katiba ya kushika. Sasa nenda Afrika Kusini uone, 1952 watu zaidi ya 8,000 walivunja sheria za ubaguzi makusudi wakakamatwa bila kurusha hata jiwe, wakajibiwa kwa sheria kali zaidi. 1960 Sharpeville watu 69 wakauawa kwa risasi za polisi kwenye maandamano ya kupinga vitambulisho ambavyo weusi walilazimishwa kubeba, vyama vya ukombozi vya ANC na PAC vikapigwa marufuku, ndo kina Mandela wakaanzisha Umkhonto we Sizwe, jeshi la msituni la ANC, 1961. Ungekuwa wewe ungeendelea kususa? Af nyie watu wa Iringa mna ujasiri gani wa kutuhubiria, mna Lugalo nyie, na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe ilikuwa hapo hapo kwenu Mgagao, Kilolo.

Mleta mada:
Lugalo naijua mkuu, 1891 Mkwawa aliwachakaza Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia pale. Lakini malizia hadithi. 1894 Kalenga ikasambaratishwa, 1898 Mkwawa akajiua asishikwe, kichwa kikapelekwa Ujerumani kikarudi 1954. Kwenye Maji Maji ndo kabisa, mashamba na maghala yakachomwa, waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Namheshimu Mkwawa kuliko unavyodhani, ila kwenye silaha ndo eneo mkoloni alikotuzidi mbali, kwa nini umfuate huko huko? Na hiyo Afrika Kusini yako, makaburu walibanwa zaidi na migomo ya wafanyakazi kuanzia Durban 1973, watu kususia maduka ya wazungu miaka ya 80, na vikwazo. Nyerere alishasimama London Juni 1959 kuwaambia watu wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, hata uhuru wetu hatujapata.

Dada wa Njombe:
Kaka zangu mnaongea kama kugoma ni bure. Birmingham ya Alabama 1963 walioingia barabarani ni watoto wa shule, wakamwagiwa maji ya mipira ya zimamoto na kuachiwa mbwa. Ni kweli wafanyabiashara walikubali kuondoa ubaguzi madukani, lakini Septemba hiyo hiyo kanisa likalipuliwa wakafa mabinti wanne. Mimi mwanangu nisingemtoa, semeni mnavyotaka. Halafu King mwenyewe nyumba yake ilipolipuliwa Januari 1956 alikuwa na bunduki ndani, na huko Louisiana 1964 kulikuwa na weusi wenye silaha, Deacons for Defense, wakiwalinda waandamanaji. Kwa hiyo acheni kutenganisha kama mafuta na maji.

Mzee wa Tukuyu:
Wanangu mmesahau ya nyumbani. Uchaguzi wa 1958 Mwingereza alitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, wakati sisi ndio wengi kupita kiasi. Ubaguzi mtupu. TANU ikakaa Tabora Januari 1958 kubishana, wasuse au waingie. Nyerere akasema waingie, Mtemvu, mwenzao wa TANU, akakasirika akatoka kuunda chama chake. Kwa nadharia yako kijana wa Iringa, si ilibidi wasuse?

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Hapo umenibana lakini sijadondoka. Pale wakisusa viti vingekwenda kwa chama cha serikali, UTP, kwa hiyo Mwingereza asingepoteza chochote. TANU wakaingia, wakaunga mkono Waasia na Wazungu wanaoelewana nao, hata viti ambavyo havikuwa vya Waafrika vikawa upande wao. Silaha ilikuwa uwingi wetu, wameitumia kwenye sanduku badala ya barabarani. Mdau wa Mbeya mbona kimya, bando limekata?

Mdau wa Mbeya:
Bando lipo. Nasubiri ujibu Mgagao maana umeipita kama basi la usiku. Ian Smith, kiongozi wa wazungu wa Rhodesia (ndo Zimbabwe ya leo), kajitangazia uhuru 1965 ili weusi wasitawale, viongozi wa weusi Nkomo na Mugabe wako ndani tangu 1964 mpaka 1974, vyama vyao marufuku. Hao vijana waliokuja Kilolo kujifunza bunduki wewe ungewashauri wagomee nini?