Vidonge vya Mamdogo

[19:04] Mamdogo: Shikamooni wakubwa. Nimetoka kliniki, daktari kanipunguzia dawa ya tezi ya shingo, hii inayozalisha kupita kiasi, toka vidonge sita hadi vitatu. Sijaelewa. Kipimo cha TSH bado kiko chini, 0.01, kilekile cha Februari. Anapunguza nini na ugonjwa uko palepale?

[19:06] Anko Chumbageni: Umepona dada. Acha vyote, makemikali hayo.

[19:07] Shangazi Pemba: Wifi nakuletea unga wa mwani. Una madini joto, rovu linanywea lenyewe.

[19:11] Dada Nesi: Subirini jamani 🙏🏾 Shikamoo mamdogo. Piga picha karatasi yote, siyo TSH tu.

[19:13] Mamdogo: 📷 Picha

[19:17] Dada Nesi: Haya. T4 yako, homoni ya tezi yenyewe, Februari ilikuwa 58. Leo 10, na maabara hiyo kawaida yao ni 12 hadi 22. Umeshuka mpaka umepitiliza. Siku hizi husikii baridi?

[19:18] Mamdogo: Tanga hii nalala na blanketi! Na nimeongeza kilo nne, misuli ya miguu inakaza usiku. Nikasema uzee huo.

[19:22] Dada Nesi: Uzee wapi, dozi imekuzidi. Kabimazoli, hiyo dawa yako, inazuia tezi kutengeneza homoni. Mwanzo ulihitaji miligramu 30, sasa 15 zinatosha. Hiyo TSH ni homoni ya kuiamrisha tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi nyingine, chini ya ubongo. Ikishakandamizwa na T4 nyingi inaweza kukaa chini miezi kadhaa hata T4 ikitulia, ndiyo maana mwanzoni dozi inafuata T4 na mwenzake T3. Kakwambia urudi lini?

[19:23] Mamdogo: Wiki sita.

[19:25] Dada Nesi: Vizuri. Na wewe anko, kupunguza siyo kuacha. Dawa hii mara nyingi ni mwaka mpaka mwaka na nusu. Akiacha leo, moyo utarudi kwenda mbio kama siku ya harusi.

[19:26] Anko Chumbageni: Siku ile alicheza sana bwana 😂

[19:28] Shangazi Pemba: Na mwani? Mbona hata chumvi inatiwa madini joto?

[19:30] Dada Nesi: Kwa rovu la kukosa madini joto, sawa shangazi. La mamdogo tezi inazalisha kupita kiasi, na madini joto ndiyo malighafi yake. Utamwongezea kuni.

[19:31] Shangazi Pemba: Nishasaga kilo mbili 😔

[19:33] Mamdogo: Basi vitatu. Ngoja nichemshe tangawizi, koo linaniwasha toka jana.

[19:33] Dada Nesi: KOO? Una homa?

[19:34] Mamdogo: Kidogo. Si mvua hizi.

[19:35] Dada Nesi: Mamdogo usimeze kidonge kingine kwanza. Nenda hospitali sasa hivi, waambie unatumia kabimazoli, wapime picha kamili ya damu. Ni mara chache, lakini dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe, na dalili zake ndiyo hizo, koo na homa. Anko una gari.

[19:35] Anko Chumbageni: Natoka.

[21:47] Anko Chumbageni: Tumepima. Chembe nyeupe ziko sawa. Daktari wa zamu anasema mafua tu, aendelee na vitatu vyake.

[21:49] Mamdogo: Na koo likiuma tena nirudi hivihivi, hata usiku. Kaniuliza nani kaniambia nije, nikasema mwanangu nesi 😊

[21:52] Shangazi Pemba: Alhamdulillahi. Sasa mwani wangu?

[21:53] Kitinda Mimba: Pika sabuni shangazi, watalii wananunua.