RPG ya kwanza kwa mama mwalimu mstaafu: ipi haitamkimbiza?

BwiruJuu (mwenye uzi)
Mwangaluka wakuu. Naomba msaada wenu, maana kila ninayemuuliza mtaani ananitajia gemu ya mpira.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, tunaishi naye hapa Bwiru, Mwanza. Kiingereza amekifundisha enzi za chaki na dasta, na riwaya anamaliza kisha anarudia. Siku hizi anakaa nyuma ya mwanangu, anamtazama akicheza na kumhoji: "Huyu mwenye upanga anamtafuta nani? Ni lazima ampige yule, hawezi kuongea naye?" Juzi kaniambia nimtafutie ya kwake, yenye hadithi. Nikajua hapo ni RPG tu, zile za kumlea mhusika tangu hana kitu mpaka awe mtu wa kutajwa.

Vilivyopo ndani: laptopu iliyochoka isiyo na kadi ya picha ya kuendeshea gemu nzito, na simu ya Android ya kawaida. PlayStation hakuna. Vidole vyake si vya haraka, na bila miwani hasomi. Umeme mnaujua wenyewe. Mimi nimefikiria Genshin Impact, Skyrim na Undertale kwa sababu ndizo ninazozisikia. Linganisheni, msinionee haya.

Sangara_Mkavu
Genshin mkuu, usizunguke. Bure, ina mandhari ya kupendeza, milima na maziwa mpaka unasahau kupigana. Shikamoo yangu imfikie mama.

BintiNyegezi
Kaka Sangara, bure kwa nani? Genshin haichezeki bila mtandao, hata ukiwa peke yako humo ndani. Inakula GB kwa makumi kwenye simu kabla hujapiga hatua, halafu kila baada ya wiki kama sita inakuja apdeti nyingine nene. Simu ya kawaida itajaa na bando litakwisha mama akiwa bado anasoma maelezo. Na wahusika wazuri wanapatikana kwa bahati nasibu: unatumia vito, unaomba, unaletewa upanga usioutaka. Mtu mzima akishaonja ile bahati nasibu na pesa iko kwenye simu, mtajikuta mnaongea mengine.

Mapigano yake pia ni ya papo kwa papo. Unakwepa, unabadilisha mhusika, unapiga, yote ndani ya sekunde. Mwenye uzi ametuambia kuhusu vidole.

Sangara_Mkavu
Hilo la bando umenishinda dada. Nimejibu kwa kuwa mimi nipo kwenye waifai ya watu.

Fundi_Igoma
Naongelea mashine tu, stori nawaachia nyie. Skyrim ni ya 2011 kwa hiyo watu wanadhani ni nyepesi. Laptopu isiyo na kadi ya picha inaweza kuifungua, lakini itakwenda kwa kukwamakwama na kupiga kelele kama inataka kuruka. Ukibana picha mpaka chini kabisa unapata kitu cha kuchezeka lakini macho yanaumia. Kwa mwenye miwani sipendekezi. Baldur's Gate 3 ya 2023 asikutajie mtu hapa, inadai nafasi ya GB 150.

Mzee_wa_PS2
Naongezea kwa Fundi. Sifa ya Skyrim kwa mgeni ni kwamba ugumu unaupunguza wakati wowote, hata katikati ya pambano. Ubaya wake ni uhuru wenyewe. Unatoka kwenye pango la mwanzo, dunia nzima iko mbele yako, na hakuna wa kukushika mkono. Mimi niliyezoea nilifurahi. Mke wangu alizunguka, akaua kuku wa kijiji, kijiji kizima kikamgeukia, akazima.

Sasa nije kwenye hoja. Kwa mtu mzima anayeanza, swali la kwanza ni hili: gemu inakusubiri au haikusubiri? Kuna RPG za papo kwa papo na kuna za zamu. Za zamu ni sawa na bao: adui ametulia, wewe unafikiri hata chai ipoe, ukishaamua ndipo mambo yanakwenda. Mama wa mwenye uzi anahitaji za zamu, basi.

Na kwenye zamu, mlango wa kuingilia ni Dragon Quest ya kwanza. Ni ya 1986, ya Yuji Horii, na michoro ni ya Akira Toriyama yule wa katuni za Dragon Ball. Nyingi za zamu zilizokuja baadaye zimepita kwenye njia aliyoichonga. Ipo kwenye simu, unaishika wima kwa mkono mmoja. Mhusika wako ni mmoja, na adui naye anakuja mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna kuchanganyikiwa nani anapigwa na nani. Kitu ninachokipenda zaidi kwa mgeni: ukifa hupotezi kila kitu. Unaamka mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imekwenda, lakini uzoefu wote uliouchuma, zile pointi za kukupandisha levo, unabaki. Hata kushindwa kunakusogeza.

BintiNyegezi
Mzee, shikamoo. Sema na upande wa pili. Dragon Quest ya kwanza inakufanya uzunguke nje ya kijiji ukipiga vile vidubwana vya bluu mpaka upande levo, ndipo uvuke daraja. Kwa hadithi ni nyembamba: kuna binti mfalme, kuna joka, nenda. Huyu mama anarudia riwaya, atauliza "wengine wako wapi?"

Mzee_wa_PS2
Marahaba. Sipingi, ni nyembamba. Lakini ni fupi na inakwisha, na mgeni akimaliza gemu moja anapata hamu ya ya pili.

Padi_Mbovu
Undertale jamani! Ya 2015, imeandikwa na Toby Fox, laptopu yoyote inaibeba. Na mama ameuliza swali lenyewe: "ni lazima ampige yule?" Undertale inakujibu kwamba si lazima. Unaweza kucheza mwanzo mpaka mwisho bila kuua hata mmoja, unaongea nao, unawasifia, unawasamehe.

BintiNyegezi
Kwa maneno ndiyo, kwa vidole hapana. Zamu ya adui ikifika unapewa kimoyo chekundu ndani ya kisanduku na unakwepa vitu vinavyoruka, papo kwa papo. Ukichagua kutoua ndiyo balaa zaidi, maana hupati uzoefu, unabaki na uhai uleule mdogo mpaka mwisho. Mtu mpole ndiye anayepata kazi ngumu kuliko wote. Ninaipenda sana, lakini kwa mama huyu iwe ya tatu au ya nne, au acheze na mjukuu: mama achague maneno, mjukuu akwepe.

Padi_Mbovu
Hiyo ya kugawana kazi umenifundisha. Nimekubali.

DagaaMchele
Mbona mnamlazimisha vita? Stardew Valley. Unarithi shamba la babu, unalima, unafuga, unafahamiana na wanakijiji. Mtu mmoja tu, Eric Barone, ndiye aliyeitengeneza, ikatoka 2016. Ipo kwenye simu, unalipa mara moja, haina matangazo, haitaki bando ukishaishusha. Na ni RPG, asinibishie mtu: ina stadi tano za kupandisha, kilimo, uchimbaji, uokotaji, uvuvi na mapigano, kila moja mpaka levo ya 10. Mgodini kuna mazimwi ya kupiga, ila kwenye simu unaweza kuiachia ipige yenyewe.

Tahadhari moja kwa watu wa ziwani. Uvuvi wake unaudhi. Samaki anarukaruka kwenye mstari na wewe unambana kwa kubonyeza na kuachia. Hata aliyekulia Kirumba mwaloni atawapoteza. Kuna fimbo ya kujifunzia kwenye duka la mvuvi, bei rahisi mno, inanasa samaki wa kawaida tu lakini inasamehe. Mnunulie hiyo kwanza.

BwiruJuu
Asanteni sana. Jana usiku nilimwekea video za Stardew, Dragon Quest na Undertale kwenye simu, kila moja kipande.

Stardew aliitazama mpaka alipoona jembe. Akasema, "Nimelima Sengerema ujana wangu wote, leo nilime na kwenye simu?" Imekwisha hiyo. DagaaMchele, samahani.

Dragon Quest ameipenda kwa jambo ambalo sikulitarajia: kile Kiingereza cha kizamani wanachozungumza kwenye toleo la simu. Alikuwa anakisoma kwa sauti na kumsahihisha mjukuu matamshi. Ila baada ya vidubwana kadhaa akauliza kama kuna kingine zaidi ya hivi. Binti, ulibashiri.

Kwa hiyo nipo hapa: ya zamu, yenye watu wengi na hadithi nene, laptopu dhaifu. Ipo?

BintiNyegezi
Ipo. Nilikuwa naisubiri hiyo nafasi. Chrono Trigger.

Ilitoka 1995. Walikaa pamoja Horii huyohuyo wa Dragon Quest, Hironobu Sakaguchi aliyeanzisha Final Fantasy, ule mfululizo mwingine wa RPG, na Toriyama kwenye michoro. Kwenye kompyuta ilifika 2018 na ni nyepesi, hiyo laptopu itaimudu, na herufi zitakuwa kubwa kuliko za simu. Hadithi: kijana anakwenda kwenye sherehe za mji wake, anagongana na msichana, mashine ya rafiki yake inaharibika, na msichana anamezwa na wakati. Unamfuata. Kuanzia hapo unatembea zama kwa zama, mpaka miaka milioni 65 nyuma, mpaka 2300 huko mbele ambako dunia imeshaharibika na unataka kujua kwa nini. Unachokifanya zama moja kinaonekana zama nyingine, na mwisho wake si mmoja.

Kwa mgeni ina mambo mawili mazuri. Maadui wengi unawaona kabla ya kuwagusa, hawakuzukii hewani kama gemu za enzi zile. Na si ndefu ya kuchosha, saa ishirini na kitu unafika.

Sasa sikiliza kwa makini kwenye vidole. Mapigano yake ni ya zamu lakini kuna mstari unaojaa ndipo zamu yako ifike, na adui naye wake unajaa. Ukiiacha ilivyo inaweza kumkimbiza. Ingia kwenye mipangilio, pale kwenye aina ya pambano chagua ile ya kusubiri. Hapo akifungua orodha ya mbinu au vifaa muda unasimama. Usimkabidhi kabla hujafanya hivyo.

Mzee_wa_PS2
Hapa nanyoosha mikono. Na BwiruJuu, pale kwenye sherehe za mwanzo muache achezee chochote anachotaka. Usimwelekeze. Usiseme kitu.

Padi_Mbovu
Hahaha, mzee! Nimekuelewa. Kimya kabisa.

Fundi_Igoma
Inunue halali kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kadi ya mtandaoni ya pesa za simu inafanya kazi kwangu. Isakinishe siku una mtandao mzuri, ukimaliza weka Steam iwe nje ya mtandao. Betri ya hiyo laptopu inakaa? Kama haikai, mwambie asevu kila aonapo ile nuru ya kusevia. Umeme hauombi ruhusa.

Sangara_Mkavu
Kuna ile gemu ya Kameruni pia, Aurion, ya 2016. Wahusika Waafrika, hadithi ya mfalme na malkia waliopinduliwa. Ni RPG.

BintiNyegezi
Hiyo ni nzuri kwako wewe na mjukuu wake. Mapigano ni ya kasi mno. Ila hadithi mama angeipenda, mwenye uzi mtafutie video.

BwiruJuu
Wakuu, mmenifanyia nini?

Mama alianza Ijumaa. Pale kwenye sherehe akakuta chakula cha mtu mezani, akala. Nikanyamaza kama mlivyosema. Akamwacha mtoto na paka wake aliyepotea, anasema hakumwona. Baadaye akapandishwa kizimbani, na lile la chakula likatajwa mahakamani mbele ya watu wote! Amekasirika mpaka akavua miwani. Anasema hakuna aliyemwambia kile chakula kina mwenyewe, na mwendesha mashitaka ana chuki binafsi. Mjukuu anacheka mpaka analia.

Sasa anataka kurudi sherehe ikafanywe upya, safari hii kwa adabu. Alisevu juu ya ileile moja. Kuna njia au ndiyo aanze tangu kitandani, gemu inapoanzia?

Mzee_wa_PS2
Aanze tangu kitandani, ni pafupi tu, na sasa anajua kusogeza. Safari hii asevu kwenye nafasi mbili tofauti. Na mwambie, akimgonga yule msichana amwangalie kwanza yeye kabla ya kuokota kidani chake kilichoanguka. Hilo nalo wanaliandika.