Re: Kebo tatu kwenye silingi, taa haizimi

Leicester, Uingereza

Watu wa Kisumu na Nakuru, hamjambo? Namtafuta yule kaka yetu fundi wa stima. Tumehamia nyumba ya zamani huku, na mume wangu ametoa taa ya sebuleni aweke nyingine. Juu kuna kebo tatu, kila moja ina waya nyekundu, nyeusi na shaba tupu. Taa mpya ina matundu ya L, N na athi basi. Ameunga nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja. Sasa taa inawaka bila swichi kuguswa, na ukibonyeza swichi breka inaanguka. Kwetu Kondele waya za taa zilikuwa chache. Hizi nyingine ni za nini?

Kisumu

Dada, poleni. Zimeni meini swichi, na asiiguse mtu mpaka mmalize. Breka inafanya kazi yake vizuri tu. Kati ya hizo nyeusi tatu, moja si nyutro (N), yaani waya wa kurudisha stima. Inatoka kwenye swichi, nayo hubeba laivu (L), yaani moto, kila swichi ikiwashwa. Ikifungwa pamoja na nyutro, kubonyeza swichi ni kupiga shoti.

Nyumba nyingi za hapa Kisumu zina waya mojamoja ndani ya paipu za PVC. Laivu hurukishwa swichi hadi swichi, nyutro taa hadi taa, kwa hivyo juu hukuti rundo. Huko kwenu hupitisha kebo bapa na maungio hufanyiwa kwenye silingi rozi, kile kifuniko cha silingi taa inapofungwa. Kebo moja inaleta stima, ya pili inaipeleka kwenye taa ya chumba kinachofuata, ya tatu inashuka kwenye swichi na kurudi. Nyekundu zote tatu zinaungana, lakini haziingii kwenye taa kamwe. Zinakaa kwenye konekta yao. Nyeusi za kuleta na kupeleka zinaenda N. Nyeusi ya swichi inaingia L peke yake. Fundi wa kwanza alitakiwa aivishe tepu nyekundu ijulikane, ila wengi hawakujisumbua. Athi, zile shaba tupu za usalama, zote ziungwe, na ziende hadi kwenye chuma cha taa.

Kuitambua ile ya swichi: stima ikiwa imezimwa, na mmepima kwa mita mkaona hakuna volti, tenganisheni kebo zote. Wekeni mita kwenye mlio, ncha moja kwa nyekundu, nyingine kwa nyeusi ya kebo hiyo hiyo, halafu mtu awashe na kuzima swichi. Kebo inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo yenyewe. Ivisheni tepu hapo hapo. Bisibisi ya tesita iacheni kabisa. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao inaweza kukaa giza na waya ina moto. Mara nyingine inawaka kwa stima ya kuazima kutoka waya jirani.

Rangi nazo msiziamini sana. Uingereza walianza kubadilisha 2004: nyekundu ikawa kahawia, nyeusi ikawa buluu, na 2006 ikawa lazima. Nyumba iliyoongezwa chumba baadaye unaweza kuzikuta zote. Buluu kwenye kebo mpya ya kawaida ni nyutro, lakini kwenye kebo ya zamani ya swichi za ngazi, ile ya nyekundu, manjano na buluu, hiyo hiyo buluu hubeba laivu.

Hiyo shaba tupu ni ya kushukuru. Nyumba nyingi za kabla ya 1966 huko hazina athi kwenye taa, na hapo taa ya chuma haifai, ila yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani isiyohitaji athi.

Minneapolis, Marekani

Huku nyeusi ndiyo laivu, nyeupe ni nyutro, kwa hivyo aliyezoea za Kenya atajiua. Fundi, nimepata taa kubwa ya vioo, ya kuning'iniza. Nataka kuileta kwenye nyumba tunayojenga Nakuru. Itakubali?

Kisumu

Kaka, kama ni vishikio vya balbu na waya tu, angalia viwe vimeandikwa 250V, kisha balbu utanunua za hapa. Skrubu ya huko, E26, inapokea balbu yetu ya E27. Kama ina LED za ndani, soma kibandiko. Ikisema 100–240V, ilete. Ikisema 120V pekee, iuze huko huko, kwa sababu huku ni 240V na itaungua siku hiyo hiyo.

Fundi wa Nakuru akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwanza. Akikwambia atafunga stima ikipotea, tafuta mwingine: stima ya hapa hurudi bila kupiga hodi.

Dada, mkishaipata kebo ya swichi niandikie kabla hamjawasha. Na kama sebule hiyo ina swichi mbili za taa moja, sema mapema, maana hiyo ni hesabu nyingine.